Karati ya Mtakatifu Nikola

Baba yangu, Jerko Zambarlin, aliulizwa swali moja ofisini, na jibu lake ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata. Aliulizwa kama kuna mtu mwingine mwenye sehemu katika mashua yake. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejibu hapana. Baba alikuwa na akili timamu, akajibu ndiyo.

Watu wa kisiwani kwetu wanalisimulia jambo hili kama kichekesho. Watu wa bara, waliolisikia kwenye feri, wanalisimulia kama habari ya mzee aliyechanganyikiwa. Mimi ni binti yake, na siku ile nilikuwa nimekaa kando yake, mkoba magotini. Mungu amrehemu. Nataka lisimuliwe mara moja jinsi lilivyokuwa.

Baba alizaliwa katika nyumba ile ile alimofia, ya chini kabisa kwenye safu yetu, ambako upepo wa kusini ukikasirika maji ya chumvi huingia mpaka jikoni. Alivua dagaa kama babu Luka alivyovua. Kulipokuwa na kiwanda cha samaki wa makopo alifanya kazi humo miaka michache, akakichukia kwa sababu hakikuwa na dirisha upande wa bahari, na kilipofungwa alikuwa peke yake kijijini aliyerudi nyumbani akipiga mluzi. Hakuwa mrefu. Alipenda divai iliyotiwa maji mengi, mkate wa dagaa na vitunguu alioupika mama, na mchezo wa karata, na akishindwa hakusema na mtu mpaka kesho yake. Kanisani alikaa nyuma na hakuimba. Alimcha Mungu kama wavuvi wanavyomcha: hakumwambia maneno mengi, lakini hakumdanganya.

Mama alipofariki nilirudi kutoka bara kumtunza. Sikuwa na mume wala mtoto wa kunizuia. Nilimkuta amekonda, nyumba inanuka moshi, lakini Perina anang'aa kama bibi harusi.

Perina ni mashua. Babu Luka aliiunda kwa msonobari baada ya vita kwisha, akaipa jina la bibi yangu, na tangu hapo hakuna aliyeitaja kama kitu. Huku kwetu tangu zamani mashua haigawanywi kwa nusu wala kwa robo, hugawanywa kwa karati. Mashua nzima ina karati ishirini na nne. Ndugu wawili huchukua kumi na mbili kila mmoja, mjane huachiwa sita, mwana aliyekosana na baba yake hupewa moja ili asiseme kanyimwa. Wazee wanaweza kukutajia karati za mashua zilizozama kabla hawajazaliwa.

Majira fulani ya baridi, babu Luka na wenzake walikamatwa na tufani mbali sana, wakirudi kutoka uvuvini. Usukani ulivunjika. Babu akapiga magoti ndani ya maji yaliyojaa mashuani, akamwambia Mtakatifu Nikola, msimamizi wa mabaharia, ambaye kanisa lake liko kilimani juu ya kijiji chetu: "Ukitufikisha, karati moja ya Perina ni yako. Utakuwa mbia wangu, na mbia wa watoto wangu." Walifika. Na babu hakuwa mtu wa kuahidi akasahau. Kuanzia siku ile, kila samaki walipogawanywa, fungu moja katika ishirini na nne liliwekwa kando. Kwa kuwa mtakatifu hali samaki, fungu lake lilipelekwa kwa wajane wa kijiji. Zamani za serikali isiyotaka kusikia habari za watakatifu, babu alimwambia mkubwa wa ushirika wa wavuvi kwamba wale ni samaki wa chambo, na mkubwa, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa mjane na alikula chambo hicho kila Ijumaa, aliandika chambo.

Baba alirithi karati ishirini na tatu. Alisema hivyo hivyo, kwa majivuno, kila alipoulizwa. "Mimi nina ishirini na tatu." Utotoni nilidhani anataja umri wake.

Hati, Perina hakuwa nayo. Kama iliwahi kuwepo, iliteketea pamoja na ghala la ushirika. Na hakuna aliyeitaka. Mashua ilijulikana kijijini kama mtoto anavyojulikana, na nani humwuliza mtoto wa jirani cheti cha kuzaliwa?

Kisha gati letu likapewa kampuni. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mgahawa: mashua ambayo kufikia mwisho wa mwaka haitakuwa na hati ya umiliki itanyanyuliwa kwa winchi, ipelekwe bara na kuvunjwa. Tulilisoma tumesimama, na Bepo akalisoma kwa sauti kwa ajili ya wasio na miwani. Bepo ni jirani yetu, kinyozi mstaafu, mwenzake baba katika karata tangu wote wawili wana nywele.

"Jerko," alisema, "wewe na Perina mmekaa kinyumba maisha yenu yote. Sasa nendeni mkafunge ndoa. Mnatutia aibu."

"Wewe umefunga mara mbili," baba akasema, "na wote wamekukimbia."

"Wamekimbia, ndiyo. Lakini vyeti ninavyo."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mpimaji alikuja, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa, akapima urefu na upana, akagonga mataruma, zile mbavu za mashua, kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alisema zipo za plastiki zitakazokufa kabla ya hii. Baba alimpa chupa ya divai. Mashahidi wawili walitakiwa waseme kwamba tangu zamani wanaijua mashua kuwa iko mikononi mwetu. Walikuwa Bepo na mama Keka, mjane wa marehemu Frane, anayekaa karibu na birika la kijiji. Mama Keka ndiye aliyekuwa akila fungu la mtakatifu katika miaka ile ya mwisho, maana wajane wengine walikuwa wamekwisha kufa au kuchukuliwa na watoto wao mjini. Alitia sahihi, akasema, "Ningesaini hata kwamba imeumbwa na Mungu siku ya sita."

Kilichobaki ni kiapo cha baba mwenyewe. Tukapanda feri kwenda ofisi ya usajili bara.

Karani alikuwa binti aitwaye Marinela, mtu wa milimani huko ndani, ambako bahari ni kitu cha likizo. Alikuwa na adabu. Alimvutia baba kiti mwenyewe.

"Mashua ni yako, mzee?"

"Ni yangu."

"Kuna mwingine mwenye sehemu?"

"Yupo."

Nilimkanyaga kiatu. Alisogeza mguu wake.

"Nani?"

"Nikola."

"Nikola nani?"

"Sveti," baba akasema. Neno hilo katika lugha yetu ni mtakatifu, lakini likitajwa upesi linaweza kusikika kama jina la ukoo, na Marinela akaliandika kama ukoo.

"Ana sehemu kiasi gani?"

"Karati moja. Moja ya ishirini na nne."

"Anakaa wapi?"

"Kilimani, juu ya makaburi."

"Yu hai?"

Hapo baba alifikiri kwanza. Kwa mtu mkweli lile halikuwa swali jepesi. "Kwa Mungu yu hai," alisema.

Marinela aliinua uso. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaliangalia tena jina aliloandika. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Mzee, unamaanisha mtakatifu? Yule wa kanisani?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Basi tufute. Tuandike huna mwenzako."

"Andika. Mimi sitasaini."

Akamgeuzia karatasi, akamsomea kwa kidole, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Kiapo kilisema kwamba yeye ni mmiliki pekee na kwamba hakuna mwingine mwenye haki yoyote katika chombo hiki. Alisema hiyo ndiyo karatasi iliyopo, hana nyingine.

"Binti yangu," baba akamwambia, "wewe ungekuwa na mbia. Siku moja unaitwa mahali, naye hayupo chumbani. Unaapa kwamba hana kitu. Watu wangekuitaje?"

Marinela aliweka kalamu chini. Kisha akasema, si kwa kejeli, nafikiri alikuwa anatafuta njia kweli, "Basi aje mtu wa kumwakilisha. Mwenye mamlaka. Atie sahihi kwa niaba yake."

Baba alirudi na furaha. Kwenye feri alikula mkate wote niliobeba. Aliona jambo limekwisha, kwa kuwa mtu wa kumwakilisha Nikola tunaye, anakaa hatua chache kutoka kanisani na anapewa mafuta ya zeituni na kila nyumba.

Tulimkuta don Prošper, padri wetu, bustanini, anakata sukumawiki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Nimwakilishe Nikola," alisema. "Jerko, mimi hata askofu simwakilishi vizuri, uliza watu."

"Ni sahihi tu."

"Sahihi tu ndiyo inayofunga watu jela." Akakaa kwenye ukuta wa bustani. "Sikiliza. Nadhiri hubadilishwa. Ninaweza kufuata utaratibu, tuigeuze hiyo karati kuwa kitu kingine. Misa kila mwaka. Rozari. Kisha unakwenda kuapa ukiwa na ishirini na nne zako, na dhamiri yako nyeupe."

"Nadhiri si yangu, ni ya baba. Na aliyeahidiwa si wewe."

"Kanisa lina mamlaka ya kufunga na kufungua."

"Najua, nimeambiwa tangu mtoto. Na samaki wa Keka, nao tuwageuze rozari?"

Don Prošper alikwangua udongo kwenye kisu. Alikuwa mtu wa haki kwa jinsi yake. Alisema ataomba jimboni, parokia ikubaliwe kuandikwa mbia wa karati moja, na mambo yakikubaliwa huko atasaini kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa wino mweusi.

Tulingoja majira yote ya mavuno ya zabibu. Baba aliendelea kuvua, na kila akirudi alitenga fungu, na mimi nilimpelekea mama Keka kwenye sahani iliyofunikwa. Kisha don Prošper akashuka kijijini mwenyewe, jambo alilofanya mara chache kwa sababu ya magoti yake. Walikuwa wamempigia simu kutoka jimboni. Walikataa kwa heshima. Mwenye sehemu katika chombo, walisema, ana sehemu katika madhara yake pia. Perina akimgonga mtu anayeogelea, kesi itakuja kwa Kanisa, na mawakili hawawezi kuruhusu.

Baba alikuwa anashona wavu. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo hata nyumbani kwake hawamtaki," alisema.

"Usiseme hivyo, Jerko."

"Nisemeje?"

 Padri alikunywa maji, akapanda tena kilimani.

Watu walianza kutoa mashauri. Marinela alipiga simu kwetu, kwa wema wake, akasema mkubwa wake anashauri tuandike tu mtu yeyote wa familia kuwa mbia, kama ni lazima mbia awepo. Baba alininyoshea kidole, akasema, "Franka ni Franka. Si Nikola." Bepo akaja na wazo lake, akasema kwamba jina lake la ubatizo ni Josip Nikola, aandikwe yeye, ofisi itaridhika na mbinguni hawatajua tofauti.

"Wewe nikikupa karati moja utaipoteza kwenye karata kabla ya kuvuka barabara," baba akamwambia.

"Nitaipoteza kwako, si itarudi?"

Baba alicheka. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka kwa sauti.

Mimi nilijaribu jioni moja tulipokuwa tunakula. Nilikuwa nimeomba kwanza, na nilikuwa na maneno tayari. Nikasema Mungu anaujua moyo wake. Nikasema kiapo kile ni maneno ya ofisi, watu hukitia sahihi bila hata kukisoma. Atie sahihi, kisha aendelee kumpa mama Keka samaki kama kawaida mpaka kufa kwake, na mimi nitaendelea baada yake. Nani atakuwa ameibiwa?

Alitafuna kwanza akamaliza.

"Franka, wewe umefika sekondari. Pekee maana yake nini?"

"Baba."

"Nauliza."

"Mmoja tu. Bila mwingine."

"Sasa mimi niape kwamba niko pekee, halafu nitoke pale nimpelekee samaki wake. Hao samaki watakuwa nini?"

"Watakuwa samaki, baba. Wale wale."

"Watakuwa sadaka. Kwa sababu haki ya Nikola nimekwisha kuiapia kwamba haipo, sasa nampa nikipenda, nisipopenda simpi. Baba yangu hakumwomba awe maskini wake. Alimwomba awe mbia." Akapangusa kisu kwenye mkate. "Mbia hapewi sadaka."

Niliondoa sahani.

Mwezi wa mwisho ukaja. Huku kwetu, siku ya Mtakatifu Nikola, katika Majilio, kila mwaka mashua moja ya mbao iliyoshindwa na maji hubebwa mpaka kilimani na kuchomwa mbele ya kanisa. Wazee wetu waliona si heshima mashua iliyolisha watu ioze ufukweni kama mbwa. Anayeunda mashua mpya huchukua jivu kidogo, akaliweka chini ya mkuku, ule mti mkuu wa chini wa mashua. Mwaka ule wavuvi walikuwa hawajapata ya kuchoma. Za mbao zimekwisha, za plastiki hazichomwi, zinatoa moshi mweusi. Walikuwa wakibishana mgahawani, baadhi wakisema wachome kuni tu, baba akaingia, akasimama bila kuvua kofia.

"Mchukueni Perina," alisema.

Watu waliweka karata chini.

"Yule ni mzima," Bepo akasema. "Tunachoma mashua iliyokufa, Jerko. Iliyo hai hatuchomi."

"Ofisini hajazaliwa. Mwisho wa mwezi atakatwa kwa misumeno kule bara, kati ya mafriji mabovu. Na ninyi mnaniambia yu hai."

"Basi saini. Saini, mkaidi wewe, kesho kuna feri. Saini, tukae hapa tucheze."

"Sitasaini."

"Unamchoma kwa hasira, basi. Sema ukweli."

 Baba alimwambia mwenye mgahawa ampe kila mtu kinywaji, akatoka nje. Walijadiliana muda mrefu, na kuna waliosema ni dhambi. Mwishowe walikubali, si kwa kuridhika, bali kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyemkatalia.

Baba alitaka kwenda na Perina baharini mara moja zaidi. Bahari ilikuwa chafu wiki nzima, upepo wa kusini na mvua, na hakwenda. Alishinda gatini ndani ya koti la mvua, anachota maji mashuani kwa kopo na kuyamwaga, ingawa hapakuwa tena na sababu.

Siku yenyewe kulikucha shwari. Wanaume walimvuta nchi kavu, wakapitisha magogo chini yake, wakamwinua mabegani. Njia ya kilimani ni nyembamba, yenye ngazi, na mara mbili ilibidi wamtue wapumzike. Baba alikwenda nyuma, kofia mkononi, kama tunavyokwenda nyuma ya jeneza, na mimi nilimshika mkono. Mama Keka alikuwa kwenye mlango wake. Hakuwa na nguvu za kupanda. Alifanya ishara ya msalaba Perina alipopita, nasi tukafanya.

Don Prošper alibariki. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema sala ya kila mwaka, kisha akaongeza kitu ambacho si cha kila mwaka: "Nikola, mbia wako amekuletea karati zilizobaki."

Kwanza hakushika moto. Mbao zilikuwa zimelowa, na watu wakaanza kutazamana, na wengine, naamini, wakaanza kutumaini. Bepo ndiye aliyepiga magoti, akapuliza chini ya tezi, nyuma ya mashua, mpaka uso ukawa mwekundu, huku analia na kutukana moshi. Kisha lami iliyoziba nyufa za mbao ikashika. Mashua iliyooza huungua upesi, kabla Misa haijafika kwenye mahubiri. Perina aliungua Misa nzima, na tulipotoka mataruma yake yalikuwa bado yamesimama, na watu waliposhuka kwenda kula yalikuwa yamesimama. Baba hakushuka. Nilikaa naye. Nilisali rozari kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Hakuna aliyekuja kuchukua jivu. Hakuna anayeunda mashua.

Baada ya mwaka mpya Marinela alipiga simu. Faili lilikuwa wazi bado na alitakiwa kulifunga, na kulifunga alihitaji kuandika sababu. Nilimwambia mashua imeungua.  "Na mzee?" akauliza. Nikamwambia mzee yupo.

Alikuwepo, kwa namna fulani. Aliamka saa zile zile, akavaa nguo za bahari, akakaa dirishani na kuniambia upepo unatoka wapi, kama vile mimi ndiye ninayetoka kuvua. Mahali pa Perina gatini palipewa daktari wa meno kutoka bara, mwenye mashua nyeupe ya plastiki na hati zake zote. Si mtu mbaya, husalimia kwanza. Siku moja baba alinunua samaki kwa vijana wanaovua kwa taa, akampelekea mama Keka mwenyewe, akakataa nimbebee. Aliporudi alikaa bila kuvua viatu.

"Amepokea?" nikamwuliza.

"Amepokea. Amefurahi sana." Akaangalia mikono yake. "Leo nimetoa sadaka."

Alilisema kama mtu anavyosema amefukuzwa kazi.

Kwaresima ilipoanza kifua kilimbana. Hakutaka kupelekwa bara, na daktari wa kisiwani alinieleza mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba hata angepelekwa isingesaidia. Don Prošper alishuka na mafuta matakatifu. Baba aliungama, mimi nikiwa jikoni. Kisha wakaniita kwa ajili ya mpako, nikashika mshumaa. Padri alipomaliza, na kukunja stola yake ya shingoni, baba alimshika mkono wa joho.

"Nikuulize kitu. Mbele ya Franka, maana na yeye anakiwaza."

"Uliza."

"Perina nilimchomea Nikola? Au nilimchoma kwa hasira zangu, kama Bepo alivyosema?"

Nilimtazama padri. Nilitaka amwambie. Lilikuwa neno moja tu, na mtu alikuwa anakufa.

"Sijui, Jerko," don Prošper akasema.

"Wewe ni padri."

"Ndiyo sababu nisikudanganye. Wewe usiyetaka kudanganya hata ofisi."

Baba alifumba macho. Alipumua mara kadhaa kwa taabu, na nilidhani amelala.

"Basi nitamwuliza mwenyewe," alisema.

"Mwulize. Ila usianze na ugomvi."

Alifariki kesho yake alfajiri, upepo ukiwa wa kaskazini, hewa safi, siku ambayo angetoka kuvua. Tulimzika chini ya kanisa la kilimani, karibu na mama. Bepo alibeba jeneza upande wa kichwa na hakufanya utani wowote.

Watu wananiuliza kama ninajivunia yeye. Nasema ndiyo. Nasema alifanya haki, na naamini hivyo nikiwa kanisani. Kisha nikifungua dirisha asubuhi, nikaona ile mashua nyeupe, naona ingekuwa heri angetia sahihi, akaishi, akaja nyumbani na samaki, Mungu akamsamehe neno moja. Ninayaleta yote mawili kwenye sala kwa sababu siwezi kuliacha hata moja. Kila jioni namwombea baba pumziko la milele. Na Mtakatifu Nikola, ambaye kwa hesabu ya kwetu sasa ndiye mwenye karati zote ishirini na nne, namwomba jambo dogo: akimjibu swali lake, amjibu kwa upole.